Hukumu Moja kwa Makosa Mia



Nimeshauriwa zaidi ya mara moja, tena na watu wanaonitakia mema, kwamba mambo ya mahakama niwaachie mawakili. "Baba Paroko, sisi tuhubirie Injili." Nawashukuru kwa upendo wao. Lakini amri ya tano haikuandikwa kwa ajili ya mawakili, na juma hili nataka tuizungumze pale inapouma zaidi: serikali inapoua kwa jina letu, au inapoahidi kwa jina letu kwamba itaua.

Jambo lenyewe ni hili. Kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu ya nchi yetu kinaagiza kwamba mtu akipatikana na hatia ya kuua kwa kukusudia, atahukumiwa kifo. Hakisemi kwamba anaweza kuhukumiwa kifo, kinasema atahukumiwa. Sheria inawatoa wachache tu, yaani mtoto wa chini ya miaka 18 na mwanamke mjamzito. Kwa wengine wote, jaji akishatamka kwamba mshtakiwa ana hatia, kazi yake ya kupima imekwisha. Wakili husimama akaeleza kwamba mteja wake ni kijana, kwamba hili ni kosa lake la kwanza, kwamba alijisalimisha mwenyewe polisi. Jaji husikiliza kwa adabu, kisha hujibu kuwa mikono yake imefungwa na sheria. Aliyeiba baiskeli hupimiwa adhabu yake. Aliyevunja duka hupimiwa. Ni katika kosa zito kuliko yote, ambapo uhai wa mtu uko juu ya meza, ndipo sheria imemnyang'anya jaji mizani na kumwachia muhuri tu.

Sisi wa Kyela tuna sababu ya pekee ya kulitazama jambo hili, kwa kuwa tunaishi kandokando ya mto Songwe. Ng'ambo ni Malawi. Watu wa pande zote mbili ni ndugu wa damu. Wanyakyusa wa huku na Wangonde wa Karonga wanaelewana lugha, wanaoana, wanazikana, wanauziana mchele pale Kasumulu. Tena mto wenyewe, kama kila mkulima wa bondeni ajuavyo, haukai mahali pamoja. Mafuriko makubwa yakija hubadili mkondo, shamba lililolala Tanzania likaamka limeelekea Malawi, hata serikali mbili zimelazimika kuwa na mpango wa pamoja wa kulituliza bonde hilo. Sasa chukulia, ndugu msomaji, kwamba ndugu wawili wanagombania mpaka wa shamba la kakao. Wametoka kunywa kimpumu, maneno yamepamba moto, mmoja anainua panga, mwingine anakufa. Tendo likifanyika ukingo wa huku na mahakama ikaridhika kwamba lilikuwa la kukusudia, jaji hana la kufanya ila kutamka kunyongwa. Likifanyika hatua mia moja upande wa pili, jaji wa Malawi atauliza kwanza: mtu huyu ni nani, alifikaje hapa, na adhabu gani inalingana na alilotenda? Damu iliyomwagika ni ileile, na dhambi mbele za Mungu ni ileile. Kilichotofautisha kitanzi na kifungo ni mahali mto ulipoamua kupita masika yaliyopita.

Haikuwa hivyo daima. Malawi nayo ilirithi kutoka kwa Waingereza sheria ileile tuliyorithi sisi. Kilichoibadilisha ni uamuzi wa Mahakama Kuu yao wa tarehe 27 Aprili 2007, katika shauri la Francis Kafantayeni dhidi ya Mwanasheria Mkuu. Wala msidhani kwamba mlalamikaji alikuwa mtu wa kuonewa huruma kirahisi. Alikuwa amemuua mtoto wa mkewe mwenye umri wa miaka miwili, na alijitetea kwamba akili ilikuwa imemruka kwa bangi. Mahakama haikusema hana hatia. Ilisema tu kwamba kumhukumu mtu kifo bila kumpa nafasi ya kueleza hali yake, na bila jaji kuwa na uhuru wa kuipima, ni kumtendea kinyama na kumnyima haki ya kusikilizwa. Yaani mshtakiwa mbaya kabisa ndiye aliyeliletea taifa lake sheria bora. Mungu hutumia vyombo anavyovitaka.

Yaliyofuata ndiyo yanayonifundisha zaidi. Uamuzi wa mahakama ni karatasi tu usipotekelezwa, na kwa miaka kadhaa waliokuwa wamehukumiwa chini ya sheria ya zamani waliendelea kukaa magerezani kana kwamba hakuna kilichotokea. Mwaka 2010 mahakama ya juu ya Malawi ikathibitisha kwamba nao wanastahili kusikilizwa upya juu ya adhabu, na kuanzia mwaka 2015 kazi hiyo ikafanyika kwa wingi. Wasaidizi wa kisheria walikwenda vijijini, wakaketi na wakuu wa vijiji, na jamaa za wafungwa, na jamaa za waliouawa, wakauliza yale ambayo hakuna aliyewahi kuyauliza. Wakagundua wagonjwa wa akili ambao ugonjwa wao haukutajwa mahakamani. Wakagundua waliotenda wakiwa bado vijana wadogo sana. Watu zaidi ya 150 walihukumiwa upya. Hakuna hata mmoja aliyepewa tena adhabu ya kifo, na walio wengi waliachiwa kwa kuwa miaka waliyokwisha kukaa ndani ilitosha au ilizidi adhabu waliyostahili. Tafakarini neno hilo: ilizidi. Watu ambao sheria ilisema wanastahili kufa, walipopimwa na binadamu mwenzao mwenye mizani mkononi, wengi walionekana wanastahili kurudi nyumbani.

(Siwafichi kwamba majirani zetu nao hujikwaa. Aprili 2021 ilitangazwa kwamba mahakama yao ya juu imeifuta adhabu ya kifo kabisa. Agosti ya mwaka huohuo majaji wakasema yale yalikuwa maoni ya jaji mmoja tu. Adhabu hiyo bado imo katika vitabu vyao. Lakini ulazima wake haumo, na ulazima ndio ninaougomba leo.)

Kinachoniumiza kama Mtanzania ni kwamba sisi tulitangulia. Miaka kumi na mitatu kabla ya Kafantayeni, mwaka 1994, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu akiwa Dodoma alikutana na shauri la Jamhuri dhidi ya Mbushuu na mwenzake Kalai Sangula, wote wawili wamepatikana na hatia ya kuua. Alikwenda mbali kuliko Wamalawi. Aliipima adhabu ya kifo yenyewe kwa Katiba yetu, kwa ibara ya 13 inayokataza adhabu za kinyama na za kudhalilisha, na ibara ya 14 inayolinda haki ya kuishi, akaikuta imepungua, akaibatilisha, akawapa kifungo cha maisha. Hapo nchi yetu ingeweza kuwa mwalimu wa Afrika.

Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikaipindua hukumu hiyo. Nimeisoma hukumu hiyo ya rufani, na ningependa kila mlei mwenye elimu ya kutosha aisome, maana ni ya ajabu. Majaji wale, watu wenye heshima kubwa katika nchi, walikubaliana na Mwalusanya kwamba adhabu ya kifo kwa asili yake ni ya kikatili na ya kudhalilisha. Hawakulipinga hilo. Ila walisema kwamba ibara ya 30 ya Katiba inaruhusu haki kupunguzwa kwa maslahi ya umma, na kwamba jamii ndiyo yenye kuamua kama bado inaihitaji. Kwa hiyo ikarudi, pamoja na ulazima wake. Miezi michache baadaye, Juni 1995, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliijadili hukumu yetu kwa makini, kisha ikafuata njia nyingine na kuifuta adhabu hiyo. Shamba tulipalilia sisi, wenzetu wakavuna.

Nina ugomvi na hoja ile ya 1995, nao ni ugomvi wa heshima. Ikiwa jambo limekwisha kukiriwa kuwa ni la kikatili, maslahi gani ya umma yanayolitakasa? Umma ni akina nani? Ni sisi. Majaji wamesema jamii iamue. Bunge likasema mahakama imekwisha kusema. Nasi wananchi tunasema hayo ni mambo ya wakubwa. Miaka zaidi ya thelathini inapita, kila mmoja amemwashiria mwenzake kidole, na kamba imebaki palepale. Pilato naye aliuachia umati uamue.

Wakati sisi tunaashiriana, wengine walikwenda. Tarehe 21 Januari 2009 Mahakama ya Juu ya Uganda, katika shauri la Susan Kigula na wenzake 417, iliuondoa ulazima wa hukumu ya kifo, ikaongeza kwamba kumweka mtu akisubiri kitanzi zaidi ya miaka mitatu baada ya rufani zake kwisha ni mateso. Mama huyo, aliyehukumiwa kwa kumuua mumewe, alisoma sheria akiwa gerezani, akahukumiwa upya, akatoka mwaka 2016. Tarehe 14 Desemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya ikafanya vivyo hivyo katika shauri la Muruatetu. Na tarehe 28 Novemba 2019, hapahapa katika ardhi yetu, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu yenye makao yake Arusha iliamua katika shauri la Ally Rajabu na wenzake kwamba kifungu chetu cha 197, kwa kumfunga jaji, kinaikiuka haki ya kuishi, na kwamba kunyonga kunaikiuka heshima ya binadamu. Ikaipa serikali yetu mwaka mmoja kuuondoa ulazima huo.

Wapo wanaosema Arusha ni mahakama ya wageni na haiwezi kutuamrisha. Ndugu zangu, itifaki tuliisaini wenyewe, jengo liko kwetu, na tulijisifu kulikaribisha. Tarehe 21 Novemba 2019, wiki moja tu kabla ya hukumu hiyo, serikali ilitoa taarifa ya kuliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi kuishtaki moja kwa moja pale. Haki ya serikali kufanya hivyo kisheria sitaibishia. Lakini kuufunga mlango hakufuti hukumu iliyokwisha kutolewa. Mwaka ule mmoja ulikwisha Novemba 2020, nalo Bunge halijaigusa ile "atahukumiwa".

Sasa niseme na wale wanaotoka kanisani Jumapili wakisema, "Muuaji anyongwe tu, dawa ya moto ni moto." Huku kwetu ziwani sijaona mtu anayezima nyumba inayoungua kwa kumwagia mafuta ya taa. Lakini tuliache hilo. Nawauliza: mnajua sheria inamwita nani muuaji? Wengi mnamwona jambazi aliyepanga kwa wiki mbili kumvizia mfanyabiashara. Sheria ni pana kuliko hapo. Kifungu cha 200 kinasema dhamira ovu ipo hata pale mtu alipokusudia kuleta madhara makubwa ya mwili tu, si kifo. Aliyekusudia kumvunja mtu mguu, na mtu yule akafa, anaweza kuhesabiwa pamoja na yule jambazi. Na iko kanuni ya nia ya pamoja: mkiwa wengi kwa lengo moja ovu, tendo la mmoja ni la wote.

Mnajua ninakoelekea. Usiku mtu akipigiwa kelele za mwizi, amekutwa na gunia la kakao au kuku wawili, kijiji hutoka. Wa kwanza hupiga kwa fimbo, wa pili kwa jiwe, wa tatu amebeba kiberiti, na wa nne anamulika tochi ili wengine waone pa kupiga. Asubuhi magazeti huandika "wananchi wenye hasira kali" kana kwamba hilo ni jina la ukoo. Mbele ya kifungu cha 197 hao ni wauaji, na mwenye tochi anaweza kusimama kizimbani pamoja na mwenye jiwe, na wote wakipatikana na hatia jaji hana ruhusa ya kutofautisha tochi na jiwe. Nimewahi kuzika vijana waliouawa namna hiyo, na katika mazishi niliwatambua waombolezaji waliokuwapo pia usiku ule. Ninyi mnaopaza sauti kwamba muuaji anyongwe, hesabuni kwanza ni nyumba ngapi katika mtaa wenu zingebaki bila baba kama sheria hiyo ingefuatwa kwa ukamilifu wake wote.

Wengine wananijia kwa njia ya upole. "Baba, unajisumbua bure, hakuna aliyenyongwa tangu mwaka 1994." Ni kweli. Marais wetu hawakusaini. Hayati Rais Magufuli alisema waziwazi mwaka 2017, siku ya kumwapisha Jaji Mkuu, kwamba hana moyo wa kusaini, na Desemba ya mwaka huo akawasamehe 61 waliokuwa wakisubiri kitanzi. Namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini tazameni lilivyo: sheria inamlazimisha jaji kutamka kifo, nasi sote, jaji akiwamo, tunategemea kwamba mtu mwingine atakataa kukitekeleza. Je, hiyo ni sheria au ni mchezo wa kuigiza? Na kwa aliyehukumiwa si mchezo. Yumo chumbani mwake, labda Isanga, akisikiliza nyayo koridoni, asijue kama rais ajaye atakuwa na moyo uleule. Mwanga wake umewekwa katika kalamu ya mtu mmoja, wakati haki ilipaswa kuwa katika mizani ya jaji aliyemwona uso kwa uso na kuwasikia mashahidi.

Najua pia kuna mama aliyempoteza mwanawe kwa mkono wa mtu, naye akinisoma atauliza mbona sijamtaja. Nakutaja, mama. Sikwambii usamehe leo. Hilo ni kati yako na Bwana, nalo lina wakati wake. Nakwambia tu kwamba ulazima wa kifungu cha 197 haukufanyii jambo lolote. Hukumu yake haikuulizi umepoteza nini. Mahakama inayopima ina nafasi ya kumsikiliza mfiwa kuhusu uzito wa alichopoteza, kama ilivyofanyika Malawi. Mahakama iliyofungwa haina haja ya maneno yako wala ya machozi yako, kwa kuwa jibu liliandikwa kabla mwanao hajazaliwa.

Someni tena sura ya nne ya kitabu cha Mwanzo. Kaini ameua kwa kukusudia. Amemwalika ndugu yake kondeni. Mwenye kuhukumu ni Mungu mwenyewe, asiyehitaji shahidi. Hata hivyo anauliza kwanza. Anatoa adhabu, tena nzito. Kaini analalamika kwamba adhabu hiyo inamzidi nguvu, nasi tungetegemea anyamazishwe. Anasikilizwa. Anatiwa alama ili asiuawe na yeyote amkutaye. Muuaji wa kwanza duniani alipewa nafasi ya kuomba kupunguziwa, naye akajibiwa. Muuaji wa leo katika Mahakama Kuu ya Tanzania huipata nafasi hiyo kama desturi tu, bila tumaini la jibu. Nasi mapadre tunalijua hili kwa kazi yetu. Hakuna muungamishi anayetoa kitubio kimoja kwa kila aliyekiri dhambi ya aina moja. Tunauliza: ulijua? ulilazimishwa? mara ngapi? una umri gani? Padre ambaye angetoa kitubio bila kuuliza, askofu wake angemwita.

Kanisa lenyewe limepiga hatua mbele ya macho yetu. Mwaka 1995, mwaka uleule wa hukumu ya Rufani, Mtakatifu Yohane Paulo II aliandika katika Evangelium Vitae kwamba nafasi za kuihalalisha adhabu hii zimekuwa chache mno, karibu hazipo. Mwezi Agosti 2018 Baba Mtakatifu Fransisko aliibadili namba 2267 ya Katekisimu, na sasa fundisho ni kwamba adhabu ya kifo haikubaliki, kwa kuwa inashambulia heshima ya mtu ambayo hata dhambi kubwa haiiondoi. Mkatoliki anayeitetea leo hana budi kujua kwamba anaitetea bila Katekisimu yake.

Tunduma si mbali na kwetu, na ng'ambo ya Tunduma ni Zambia, ambayo iliifuta adhabu ya kifo Desemba 2022. Kwa hiyo mkoa wetu na jirani zake umezungukwa: upande mmoja nchi iliyoifuta kamba, upande wa pili nchi iliyomrudishia jaji mizani. Kinachotakiwa Dodoma hata si kikubwa. Neno "atahukumiwa" lisomeke "anaweza kuhukumiwa", na waliokwisha kuhukumiwa wasikilizwe upya juu ya adhabu. Muswada wa ukurasa mmoja ungetosha. Mbunge wetu anapokuja kuomba kura husimama uwanjani, huruhusu maswali, na kila mara tunamwuliza kuhusu barabara ya Matema na bei ya kakao. Safari ijayo nitakuwapo, na swali langu nimekwisha kuliandika. Wanaotaka kuliuliza pamoja nami waache majina yao kwa katekista baada ya Misa ya pili.